Wenye kusali wasimame huku: wanafunzi wa kanda yetu na imani yao shuleni



Wiki mbili zilizopita mdogo wetu mmoja, anayesoma senior ya pili hapa makazini, alituma swali kwenye kikundi. Usiku ule ule majibu yakajaa mpaka simu zetu zikaisha chaji. Alieleza hivi: yeye na wenzake sita walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri na kusali kwa sauti bwenini. Mkuu wa shule akawakataza, akasema wengine hawalali. Na wakati wa chakula, wakiinamisha kichwa kuombea sahani ya posho na maharage, kuna wanaowacheka. Basi akauliza: tufiche imani yetu mpaka tumalize shule, ama tuendelee hata wakitufukuza?

Wengine walimjibu kwa mistari ya Biblia. Wengine wakasema shule ni ya kusoma, siyo kanisa. Kaka mmoja Muislamu akaandika kwamba hata wao wanahangaika na saa za swala, kwa hiyo asidhani yuko peke yake. Mimi sikujibu siku ile. Nilitaka kwanza nikumbuke nilichosoma, kwa sababu swali lake si jipya. Katika nchi hizi zetu wanafunzi wamekuwa wakiulizwa swali hilo kwa karibu miaka 150, na wengine walilijibu kwa maisha yao. Naomba tupite kwao mmoja mmoja, halafu mwishoni tumjibu mdogo wetu.

WAVULANA WALIOITWA WASOMAJI

Tuanzie hapa hapa Uganda. Ikulu ya kabaka wa Buganda katika miaka ya 1870 na 1880, ukiitazama vizuri, ilikuwa kama shule ya bweni. Koo na machifu walipeleka wavulana wao pale wakahudumu: kupeleka ujumbe, kulinda milango, kumtumikia mfalme. Lakini shabaha ilikuwa wajifunze utawala, ili baadaye wapewe vyeo. Waliitwa bagalagala. Leo tungewaita wanafunzi.

Dini ya kwanza ya kitabu kuingia ikulu ilikuwa Uislamu, ulioletwa na wafanyabiashara kutoka pwani, na Kiswahili kikaja pamoja nao. Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Ila baadhi ya vijana wake walijifunza mbele kuliko yeye. Wakakataa nyama iliyochinjwa na mtu asiye Muislamu, wakakataa pia kusali nyuma ya kabaka kwa kuwa hakuwa ametahiriwa. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru wauawe, na hesabu inayotajwa sana ni kama vijana 70. Waliuawa Namugongo. Watu wengi wanaokwenda Namugongo tarehe 3 Juni hawajui kwamba Waislamu waliuawa pale miaka kumi kabla ya Wakristo. Mimi pia nilikuwa sijui.

Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, na Wakatoliki wakafika 1879. Kufundishwa dini na kufundishwa kusoma ilikuwa kitu kimoja, na vitabu vya kwanza vilivyotumika vilikuwa vya Kiswahili, kwa sababu vya Luganda vilikuwa bado havijaandikwa. Ndiyo maana mpaka leo katika Luganda neno okusoma lina maana mbili: kusoma kitabu, na kwenda kusali. Mkristo wa wakati ule aliitwa msomaji.

Mutesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga akarithi, naye akiwa bado kijana chini ya miaka 20. Mwanga aliogopa. Alisikia Wazungu wanachukua nchi upande wa pwani, na aliona wavulana wa ikulu yake wana mfalme mwingine wanayemtii kuliko yeye. Wakakataa hata baadhi ya mambo aliyowataka wafanye, mambo waliyoyaona ni dhambi. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Kianglikana, Mark Kakumba, Joseph Lugalama na Noah Serwanga, waliuawa Busega. Mwezi wa kumi mwaka huo Askofu James Hannington akauawa Busoga. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa wale wavulana Wakatoliki, alimwambia kabaka waziwazi kwamba amefanya vibaya. Akauawa tarehe 15 Novemba. Nafasi yake ya kuwaongoza vijana ikachukuliwa na Charles Lwanga.

Mwezi wa tano mwaka 1886, Munyonyo, mambo yalifika mwisho. Usiku mmoja Lwanga aliwabatiza wavulana ambao walikuwa hawajabatizwa, kati yao Kizito, mwenye kama miaka 14. Asubuhi kabaka aliwaita wote mbele yake, akaamuru wale wanaosali wasimame upande mmoja na wasiosali wabaki upande mwingine. Lwanga akatoka wa kwanza, na wengine wakamfuata. Simulizi ya Kanisa inasema alimshika Kizito mkono. Tarehe 3 Juni 1886, siku kubwa ya mateso hayo, walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wote waliouawa kati ya 1885 na 1887 na kukumbukwa kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Hapo ndipo mahubiri mengi yanaishia. Lakini historia iliendelea. Wavulana waliobaki hai walikua. Apolo Kagwa, kwa mfano, alipigwa vibaya na Mwanga mwaka ule ule wa 1886, akapona, na mwaka 1889 akawa waziri mkuu wa Buganda. Mwaka 1888 vijana Waislamu na Wakristo, wakiwa na bunduki, walimwondoa Mwanga. Halafu Waislamu wakawafukuza Wakristo, halafu Wakristo wakarudi na vita. Na tarehe 24 Januari 1892, Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wenyewe kwa wenyewe, upande mmoja ukiitwa Wafransa na mwingine Wangereza. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwapa Waprotestanti bunduki.

Yaani hata miaka sita haikutimia tangu wachomwe pamoja Namugongo. Neno "msomaji" lilikuwa limeshakuwa jina la chama, na chama kilikuwa kinagombania ardhi na vyeo. Tulishike hilo, tutalihitaji mbele.

SAA KUMI ALFAJIRI, MUKONO, 1941

Sasa mdogo wetu, kisa hiki ni chako kabisa.

Katika miaka ya 1930, kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, ulitokea uamsho uliosambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Kwa Luganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Kati ya walioanzisha jambo hilo walikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda, na daktari Mwingereza Joe Church.

Mwaka 1941 kundi la Balokole lilikuwa linasoma katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wakijiandaa kuwa wachungaji. Kiongozi wao alikuwa William Nagenda, ambaye alikuwa amefanya kazi Gahini. Waliamka saa kumi alfajiri wakasali na kuhubiri. Waliwaambia wanafunzi wenzao, na hata walimu, kwamba chuoni mna wizi na uovu na kwamba mafundisho yamepoa. Mkuu wa chuo akakataza mikutano hiyo ya alfajiri na mahubiri hayo. Wao wakasema hawawezi kuacha. Wanafunzi 26 wakafukuzwa.

Nani alikuwa na haki? Ukisoma watu wa upande wa chuo, wanasema vijana walikuwa na kiburi, waliwahukumu wenzao, hawakuheshimu ratiba ya nyumba waliyoishi na wengine. Ukisoma watu wa upande wa Balokole, wanasema chuo cha kuandaa wachungaji kilifukuza watu kwa kosa la kusali. Mimi nimesoma pande zote na naona kila upande una ukweli wake. Dhambi walizozitaja hawakuzibuni. Na mtu anayeamshwa saa kumi kila siku aambiwe hajaokoka, naye ana haki ya kukasirika.

Jambo linalonivutia zaidi ni walichofanya baada ya kufukuzwa. Wangeweza kuanzisha kanisa lao. Sababu walikuwa nazo, na wafuasi walikuwa nao. Hawakufanya hivyo. Walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana lile lile lililowafukuza chuo, wakaendelea kuhubiri wakiwa watu wa kawaida. Nagenda hakuwahi kuwa mchungaji maisha yake yote, na bado alihubiri katika nchi nyingi za dunia. Baada ya miaka, uamsho ule ulikuwa umetoa maaskofu wengi wa Kanisa hilo.

Mmoja wa maaskofu hao ni Festo Kivengere wa Kigezi. Alikuwa mwalimu wa shule, akaokoka katika uamsho huo, akafundisha miaka mingi Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu. Mwezi wa pili mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya Idi Amin, Kivengere naye alikuwa anatafutwa. Yeye na mke wake walivuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda. Alikuwa mkimbizi kama mimi na wewe. Na akiwa ukimbizini aliandika kitabu ambacho jina lake tu liliwashangaza watu: kinasema anampenda Idi Amin. Alirudi nyumbani mwaka 1979, utawala ule ulipoanguka.

SERIKALI ILIPOONDOA DINI DARASANI

Wenzetu wa Kongo na Burundi wana historia yao pia, ambayo wazazi wetu waliiishi. Nitaipitia kwa haraka.

Zaire, mwaka 1972, Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha jina la Joseph-Désiré. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Vyama vya vijana vya kidini vilipigwa marufuku, ukabaki umoja mmoja tu wa vijana, ule wa chama tawala. Mwishoni mwa 1974 shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, na somo la dini likatolewa darasani. Badala yake wanafunzi walifundishwa mawazo ya Mobutu, wakacheza ngoma za kumsifu. Waulize wazee wa Kivu au Katanga: wengi walikuwa na jina la shuleni na jina la nyumbani. Mwalimu aliita moja, mama akaita lingine.

Haikudumu. Serikali ilishindwa kuziendesha zile shule, na mwaka 1977 ikafanya makubaliano na makanisa ili wazisimamie tena. Ndiyo asili ya shule zinazoitwa konvansione mpaka leo: za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu, na baadaye za Kiislamu.

Burundi, katika miaka ya 1980, Rais Bagaza alizuia ibada za mchana katika siku za kazi, akafukuza wamisionari, na mwaka 1986 serikali ikazichukua seminari ndogo. Ikafunga pia vituo vya Yaga Mukama, ambako watoto wa maskini vijijini walijifunza katekisimu na kusoma kwa wakati mmoja. Waliosoma pale walikuwa hasa wale ambao hawakupata nafasi shuleni. Kwa hiyo ukifunga mlango wa dini, ulikuwa unafunga na mlango wa kitabu. Bagaza alipopinduliwa mwaka 1987, Buyoya alirudisha mengi ya yale.

Ninachokiona hapa ni kwamba hizi serikali hazikuogopa sala yenyewe. Ziliogopa mtoto mwenye utii mwingine usiopitia kwenye chama. Ni hofu ile ile ya Mwanga.

BUTA, TAREHE 30 APRILI 1997

Sasa nafika mahali ambapo kuandika kunakuwa kugumu kwangu, kwa sababu mimi ni wa upande huo.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi wa kumi mwaka 1993, shule za Burundi hazikuwa tena mahali pa usalama. Kibimba, kwenye shule iliyoanzishwa na kanisa, wanafunzi Watutsi walichomwa moto siku hizo hizo za Oktoba 1993. Usiku wa tarehe 11 Juni 1995, katika Chuo Kikuu cha Burundi, Bujumbura, wanafunzi Wahutu waliuawa na wanafunzi wenzao. Nataja yote mawili ili asitokee mtu wa kusema nimechagua upande. Waliofanya hayo, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walijua nyimbo za kanisa kwa moyo.

Kusini, katika jimbo la Bururi, kulikuwa na seminari ndogo ya Buta. Ni shule ya sekondari ya bweni ya Kikatoliki, yenye Wahutu na Watutsi. Mkuu wake alikuwa padri Zacharie Bukuru. Yeye na wenzake waliona sumu ya nje inaingia ndani, wakafanya kazi ya kuitoa. Hawakujifanya ukabila haupo. Waliwaacha wanafunzi waongee kuhusu yaliyokuwa yanatokea, wawe na hasira, wabishane mbele ya wenzao. Wakacheza michezo pamoja, wakacheza ngoma pamoja, wakala pamoja, wakasali pamoja. Hii ilichukua miaka, haikuwa mahubiri ya Jumapili moja. Na muda mfupi kabla ya siku yenyewe, wanafunzi wakubwa walikuwa wametoka kwenye mafungo ya kiroho.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wenye silaha waliingia shuleni na kufika kwenye bweni la wakubwa. Wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakaamriwa tena, wakakataa tena. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono wakiwa pamoja. Walionusurika walisimulia kwamba wenzao walikufa wakisali, na wengine wakiwaombea msamaha waliowapiga. Waliokufa ni vijana 40.

Leo mahali pale kuna kanisa lao na makaburi yao, na Warundi wanawaita mashahidi wa undugu. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 18 Machi 1997, ng'ambo ya mpaka, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, Rwanda, walivamiwa wakiwa kwenye masomo ya jioni. Waliambiwa neno lile lile, wajitenge, nao wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Kadhaa waliuawa na wengi wakajeruhiwa. Rwanda imewaweka katika orodha ya mashujaa wake, kundi la Imena. Wao hawakuwa seminari, na hakuna aliyewapa mtihani wa dini. Walijua tu kwamba yule aliyekaa dawati la pili ni mwenzao.

Sasa weka Munyonyo na Buta pamoja. Munyonyo, kabaka alisema wenye kusali wasimame huku, na imani ikawa ni kutoka na kusimama upande. Buta, mwenye bunduki alisema Wahutu huku Watutsi kule, na imani ikawa ni kukataa kutoka. Mwanafunzi anayetaka kushuhudia imani yake anatakiwa ajue yote mawili. Kuna siku utaulizwa wewe ni wa Kristo ama siyo, na usijifiche. Na kuna siku utaulizwa wewe ni wa kabila gani ili mwenzako aumizwe, na hapo ushuhuda wako ni kubaki pale ulipo.

Hapa naomba niungame, maana Balokole walitufundisha. Nilipokuwa senior ya tatu, kundi letu la maombi liligawanyika. Tulisema ni kwa sababu ya lugha: hawa waimbe Kirundi, wale waimbe Kiswahili cha Kongo, wengine Kinyarwanda. Kumbe haikuwa lugha. Kulikuwa na mvulana mmoja niliyejua familia yake ni ya upande uliotufukuza sisi nyumbani, na sikutaka kushikana naye mkono wakati wa sala ya mwisho. Kundi likigawanyika, mimi napona. Nilikuwa nafunga Jumatano na Ijumaa. Nilikuwa naamka saa kumi. Yule mvulana alihama na familia yake, sijamwona tena. Niliposoma habari za Buta nilimkumbuka yeye kabla ya kitu kingine chochote.

SASA TUMJIBU MDOGO WETU

Mdogo wetu, usifiche. Kwa hilo sina shaka. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 29, inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake na kuionyesha. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 4, unasema mkimbizi asipewe uhuru wa dini ulio chini ya ule wa mwenyeji, pamoja na elimu ya dini ya watoto wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 14, unataja haki hiyo hiyo ya mtoto. Kwa hiyo kuombea chakula siyo kosa, kuvaa rozari siyo kosa, kusema "mimi ni Mkristo" siyo kosa, na kukutana na wenzako kusali siyo kosa.

Wakicheka, waache wacheke. Omba kwa ufupi, kisha ule nao, uongee nao, uwasaidie hesabu kama kawaida. Mtu anayekucheka mwezi wa pili, mara nyingi ndiye atakayekutafuta mwezi wa saba akipata habari mbaya kutoka nyumbani. Sisi wa kambini tunajua habari hizo zinavyokuja.

Kuhusu saa kumi alfajiri, mkuu wa shule hajakukataza kusali. Amekataza sauti saa ambayo wengine wamelala. Kuna tofauti. Nendeni kwake nyote saba, kwa heshima, na mlezi wenu kama yupo, mwombe chumba na saa nyingine: baada ya masomo, au jioni kabla ya kulala. Mkipewa, shukuruni na mtunze muda. Saa kumi unaweza kuomba ukiwa kitandani, kimoyomoyo, hakuna atakayekuzuia. Mkinyimwa chumba kabisa huku vikundi vingine vinapewa, hapo mnalo jambo la kupeleka kwa kamati ya wazazi na kwa shirika linalosimamia elimu. Lipelekeni bila matusi. Na hata ikifika mahali mkaonewa, kumbukeni wale 26 wa Mukono hawakuivunja nyumba waliyotolewa.

Halafu kuna jambo moja ambalo hujaliuliza, lakini nakuomba uliangalie. Jumatano ijayo mkikutana, hesabu waliokaa. Ni wa lugha ngapi? Ni wa kabila moja tu? Yule msichana mpya aliyefika na watu wa safari hii ya mwisho, ambaye hajui hata nyimbo zenu, kuna aliyemwita? Na dada zenu Waislamu bwenini, wakati wa Ramadhani wakiamka kula daku, mnawapa nafasi ama mnalalamika? Wale vijana 70 wa Namugongo walikuwa ndugu zao.

Kwa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, neno dogo. Najua mmefungwa na kanuni za maadili za mwaka 1994, kwamba msaada usitumike kueneza dini wala siasa. Ni kanuni nzuri, na sisi wakimbizi ndio inayotulinda: hakuna anayepaswa kusali ili apate blanketi. Lakini kanuni hiyo inamhusu anayetoa msaada. Haimfungi mtoto anayesali. Nimeona mfanyakazi akiwanyamazisha wanafunzi waliokuwa wanaimba wimbo wa dini chini ya mti, akidhani anatekeleza kanuni. Kwa wengi wetu, imani ndiyo kitu pekee tulichovuka nacho mpaka bila kunyang'anywa. Tusaidieni tuitumie vizuri. Kama mnaweza, tupeni chumba kimoja chenye ratiba, Wakristo wawe na saa yao na Waislamu saa yao, na walimu wasiogope kutuacha tuongee kuhusu yaliyotukimbiza, kama walivyofanya Buta. Mazungumzo yale ni magumu, lakini pale Buta vijana walikuwa wameshayafanya kabla bunduki haijafika mlangoni.

Mdogo wetu, ukipata muda tuandikie mkuu wa shule amejibu nini. Na kama kuna mtu kwenye kikundi hiki aliyesoma senior ya tatu na mimi, na anajua yule mvulana yuko makazi gani sasa, naomba aniandikie pembeni. Nina neno la kumwambia.